Tamimu wa Mwanzo

"Marahaba, baba," Hajira alimjibu mgeni wake kabla hajaketi. "Lakini sikukuita wewe. Nimemwita Tamimu. Tena yule wa mwanzo."

Faruku alicheka, kisha akaona mwenyeji wake hacheki.

Alikuwa amepanda Newala kutoka Masasi kumzika mjomba wake, na tangu aliposhuka kwenye basi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauza maji, wapita njia, hata shehe aliyesoma dua, wote walimwita Kachero Tamimu, yule mpelelezi wa kwenye tamthilia anayemsoma mhalifu kwa tabia zake: anavyokaa, anavyojibu, anachokikwepa. Faruku ndiye aliyemwigiza tangu msimu wa kwanza. Jana, matanga yalipokwisha, binamu yake Halfani alimwomba amtembelee Hajira, Mama Shakila, jirani yao mjane. Binti yake wa pekee, mwanamwali aliyekwisha kumaliza shule, alitoweka msimu wa korosho uliopita. Hajaonekana mpaka leo.

"Mimi ni mwigizaji tu, mama," Faruku alisema. "Maneno yale naandikiwa."

"Maneno unaandikiwa. Na macho?"

Faruku akaketi mkekani.

"Huyo wa mwanzo alikuwaje?" aliuliza.

"Hakuwa na huruma. Mtu akilia, yeye anamtazama mikono. Siku hizi mmemharibu. Anakaa na wafiwa, anawashika mabega, analia nao."

Hilo lilimchoma. Ni yeye aliyewasihi waandishi wambadilishe Tamimu. Aliwaambia kwamba mtu aliyeona maiti nyingi namna ile hawezi kubaki jiwe, lazima siku moja alainike. Basi katika msimu wa tatu Tamimu akamzika mkewe, akajifunza kusikiliza, na watazamaji wakalia nchi nzima. Faruku aliamini hakuwahi kufanya kazi bora kuliko ile. Aliamini pia kwamba yeye mwenyewe amekuwa mtu mwema zaidi kwa sababu yake.

"Polisi wanasemaje?"

"Wanasema kamfuata mnunuzi wa korosho, sijui Tandahimba, sijui Mtwara. Mimi nimekwenda kituoni zaidi ya mara moja. Nikifika wananipa kiti, wananipa maji, wananiambia pole mama. Nikishakunywa yale maji, naondoka."

"Mligombana kabla hajatoweka?"

"Tuligombana. Kwa ajili ya huyo mwanamume." Hajira alimkazia macho, hakupepesa. "Niulize tena."

Faruku hakuuliza tena. Alikiona kidevu cha mama huyo kinavyotetemeka, akaona si utu kulitonesha jeraha la namna hiyo.

"Nionyeshe chumba chake," alisema.

Nyumba ilikuwa ya udongo, ukuta na sakafu, isipokuwa chumba hicho. Humo sakafu ilikuwa ya saruji, nzito, yenye mabonde, ikionyesha wazi kwamba haikupigwa na fundi.

"Umesakafia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Maji nilipanda nayo kutoka bondeni, ndoo baada ya ndoo."

"Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yake." Alisogea pembeni ili mwanga wa mlangoni uingie. "Tazama vizuri, baba. Usiwe na haraka."

Faruku alitazama vizuri. Mama amepanda mlima na ndoo kichwani ili mwanawe akirudi asikanyage vumbi. Hakuna mwandishi wake hata mmoja ambaye angeweza kubuni jambo kama hilo.

Akaishika mikono ya Hajira. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya msimu wa tatu, ya chini, yenye joto.

"Mama, nisikilize. Msichana aliyekosana na mama yake kwa sababu ya mapenzi hapotei. Anajificha, kwa sababu anaona aibu. Mimi nakwambia yu hai, na yuko karibu kuliko unavyodhani. Usikate tamaa."

Mikono ya Hajira ilikuwa imelegea ndani ya mikono ya mgeni.

"Ndivyo unavyoona?"

"Ndivyo ninavyoona."

"Huna swali jingine? Hata moja?"

"Sina, mama. Pumzika sasa. Umefanya yote ambayo mzazi angeweza kufanya."

Hajira alimshukuru. Akamsindikiza mpaka njiani, Halfani alikokuwa akingoja na pikipiki, akasimama hapo mpaka vumbi jekundu likatulia.

Bibiana, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa amesikia kila kitu dirishani. Akatoka akipiga vigelegele.

"Yu hai, Mama Shakila! Kasema Tamimu mwenyewe!"

Wanawake wakaja kutoka huku na huku, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine, wengine wakilia. Hajira aliwaacha wamkumbatie. Walipomaliza akawaaga kwa adabu, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia jikoni na kuketi kwenye kigoda.

"Hata huyu amesimama juu yako asikuone, Shakila," alisema. "Nilikupiga mara moja tu, mwanangu, nikangoja uinuke. Sasa nimlete nani anikamate?"