Kila Koti na Kasoro Yake

Koti la kwanza lilikataliwa kwa kosa la kuwa jeupe mno.

"Weupe huu unaumiza macho," Baba Mateke alimwambia muuzaji. "Mtu atapiganaje huku amefumba macho?"

Muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye futi ya fundi shingoni, alilikunja na kuleta la pili. La pili likawa zito. La tatu likawa jepesi. La nne halikuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo lililomtia Baba Mateke wasiwasi zaidi. Alilinusa, akaligeuza ndani nje, kisha akatangaza kuwa halina heshima.

Mkewe alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, akingoja mtaalamu amalize.

Utaalamu wenyewe ulikuwa hivi. Kila Jumanne na Alhamisi jioni Baba Mateke hutoka nyumbani na begi lenye sare ya karate, na kwenda moja kwa moja nyuma ya kibanda cha kinyozi kucheza drafti. Ukumbi wa karate aliujua kwa mlango tu. Kabla ya kurudi huilowesha sare bombani, huikamua, na kuingia nayo nyumbani akichechemea. Mkanda wa kahawia alijipandisha mwenyewe, dukani. Mtaa mzima ukampa jina la Mateke, naye akalivaa kama lake. Jumamosi hulala hadi adhuhuri kupumzisha misuli, wakati mkewe amekwenda kwenye kikao chake cha kina mama. Kikao hicho kinajadili nini, Baba Mateke hakuwahi kuuliza.

Na jana, wakila, mama watoto akasema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi: "Nataka sare ya karate. Twende kesho ukanichagulie, wewe ndiye mjuzi."

Baba Mateke alirudisha tonge sahanini, akapiga hesabu. Sare kesho, ukumbini Jumanne, na akishafika huko atauliza mume wake husimama safu gani. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeshafika dukani. Hakukucha kabla hajaapa moyoni kwamba chini ya jua hili hakuna koti litakalomtosha mke wake.

"Dada, hebu nyanyua mikono," muuzaji alisema, akimvisha la tano pamoja na suruali yake. "Hili limekatwa kwa mwili wa kike. Mabega hayaanguki, na huku ubavuni kuna kamba za kufunga, ukiinama kifua hakifunguki. Suruali ina nafasi kwenye nyonga."

Mke akainama. Kifua hakikufunguka. Akachuchumaa, akainuka, akarusha teke likaishia usawa wa sikio la sanamu ya kuonyeshea nguo. Suruali ikalia pa. Muuzaji aliguna kwa kuridhika.

"Bahati ya mwanzo," Baba Mateke alisema haraka. "Mikono mifupi hiyo."

"Imeishia kwenye kifundo cha mkono, shemeji. Ndipo inapotakiwa."

"Kwa wanaojifunza, sawa. Sisi tuliobobea tunataka ipite vidole. Adui asijue ngumi iko wapi."

Muuzaji alimtazama kidogo. "Kumbe shemeji umecheza siku nyingi?"

"Njoo nyumbani uone suruali yangu. Magoti yamekwisha."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimshangaza hata yeye. Sare isiyowahi kuona vumbi la ukumbi ilikuwa imechakaa magotini na kwenye kola. Lawama zote alizitupia ufuaji. Mama watoto akishika nguo huisugua kama ana kesi nayo. Hata fundi aliyeishona alimwona mzembe, kwani siku moja, akiilowesha, alichomwa kidole na pini iliyosahauliwa kifuani mwa koti.

"Mume wangu anajituma sana," mke alimwambia muuzaji, macho kwenye kioo. "Na ana bahati, jasho lake halina harufu. Nikiifua ile sare ni kama imetoka bombani."

Baba Mateke alizipokea sifa hizo kwa kuinamisha kichwa. Lakini koti lilimkaa mkewe vizuri, na kila mtu mle dukani alikuwa anaona. Akamsogelea, akashusha sauti.

"Mama watoto, nisikilize. Utaumia. Mwalimu wetu ni jitu la miraba minne, huvunja matofali kwa paji la uso. Hana cha mwanamke wala mgeni. Kwa nini nisikununulie baiskeli?"

"Baiskeli haina mateke," mke alisema, kisha akamgeukia muuzaji. "Nifungie hili."

Muuzaji alimvua taratibu, akaikunja sare juu ya meza. "Nikuwekee na mkanda mweupe? Wanaoanza wote huanza na huo."

"Usijisumbue," Baba Mateke alisema. "Wiki ijayo atakuwa ameshaacha."

Mke alifungua mkoba wake na kutoa mkanda wa kijani, uliopauka pale fundo linapokaa. Akauweka juu ya sare.

"Mkanda ninao, dada. Shida ilikuwa koti. Mwaka mzima huu, kila Jumamosi navaa la mume wangu. Mabega yananifika viwikoni, na kifua nakibana kwa pini."

Akamgeukia Baba Mateke, mpole kabisa.

"La kwako sasa nakurudishia, baba watoto. Ila usililoweshe tena. Drafti haitoi jasho."