Tamthilia ya Magunia

"Sketi hiyo nyekundu, toa! Na shati lile la buluu!"

Kapteni Whitlock alikuwa nyuma ya pazia, akipekua nguo za waigizaji. Wamarekani walikuwa wamepiga marufuku bendera ya Wafilipino, ile ya buluu, nyekundu na nyeupe yenye jua la manjano. Mwaka uliopita mwandishi Crisanto Villaluz aliwavika waigizaji wake rangi hizo, wakacheza, wakajipanga, na bendera ikatokea jukwaani. Alifungwa. Safari hii kapteni alikuwa ameapa: ikionekana tena, Crisanto atahamia gerezani na mkeka wake.

"Chukua zote, bwana mkubwa," alisema Crisanto. "Tutavaa magunia."

"Magunia!" mwigizaji Leonora alimaka. "Jela imekulegeza hivyo, kaka?"

"Vaa, mdogo wangu. Utapendeza."

Kapteni alikwenda kuketi mbele kabisa, peke yake, kwenye kiti chenye mto, hata kabla milango haijafunguliwa. Hakutaka kulibandua jicho jukwaani. Nyuma yake Petrona, mke wa Crisanto, aligombana na kila aliyeingia.

"We Simplicio, huko siko! Rudi nyuma na wenzako! Bibi, njoo hapa katikati."

"Jamani, hata kukaa tunapangiwa?"

"Ukitaka kukaa utakavyo, kaa kwako!"

Watu walicheka, wakatii.

Tamthilia yenyewe ilihusu mama aliyepotelewa na kuku. Basi. Magunia yalizunguka, yakaimba, yakamkamata kuku. Kapteni alisubiri rangi mpaka macho yakamuuma, na rangi haikuja.

Mwishoni waigizaji walijipanga mstari mmoja, wakatazama mbele. Leonora alishika mdomo. Kisha akaanza kulia huku anacheka, na wenzake wakamfuata.

Kapteni alipiga makofi kwa moyo mweupe kabisa. "Hatimaye umeandika kitu cha maana!" alimwambia Crisanto, aliyekuwa amekuja jukwaani kusimama na waigizaji wake. "Lakini mbona wanalia? Kuku si amepatikana?"

"Amepatikana, bwana mkubwa," alisema Crisanto, akitazama juu ya kofia ya kapteni.

Nyuma ya kofia hiyo ukumbi mzima ulikuwa umetulia kwenye viti vyake: safu za nyuma buluu tupu, safu za mbele nyekundu tupu, ubavuni weupe mtupu, na katikati ya weupe huo bibi mmoja aliyejifunika shela ya manjano, anatabasamu.