Mlangoni kwa Nungunungu

Kanga alikimbia na vifaranga wake huku Kicheche akiwafuata. Akafika kwenye shimo la Nungunungu, asiyemjua hata kwa salamu.

"Hodi, kaka! Tufiche, wanangu wataliwa!"

"Msiingie!" Nungunungu akafoka.

Kanga akaanza kulia. Mara Nungunungu akatoka, miiba imemsimama.

"Humu ni pembamba, ningewachoma. Sasa ingieni, dada, mimi nitaziba mlango."

Kicheche akaja, akasogeza pua, ikachomwa, akatoroka akipiga kelele.

Kanga akachungulia. Miiba ya Nungunungu ilikuwa ikitetemeka.

"Kumbe nawe unaogopa, kaka?"

"Sana. Tafadhali usiondoke kwanza."

Kanga akatoka na wanawe, wakaketi kando yake mpaka miiba yote ikalala.