Mtihani wa Pumzi

"Huyu ni mtu," alisema Mzee Mapafu, macho ameyafumba. "Lete wa pili."

Walikuwa wamewekeana dau, yeye na bintiye. Nyimbo tatu kutoka albamu mpya ya binti. Katika kila wimbo mzee aseme kama saksafoni imepulizwa na mtu au imetengenezwa na kompyuta. Akipatia zote, binti aachane na vidude vyake vya umeme, arudi kwenye bendi ya baba. Akikosa hata mmoja, mzee apande jukwaani Jumamosi kwenye uzinduzi, apulize huku kompyuta ikimpigia midundo. Bora angeambiwa apande na kaptura ya kulalia.

Mkewe alichungulia kutoka jikoni. "Mzee, ukimaliza mashindano yako, utie mafuta mlango wa chumba chako cha mazoezi. Unatupigia kelele kila alfajiri."

"Nitautia." Akasikiliza wimbo wa pili kidogo tu. "Kompyuta. Nusu dakika nzima haijavuta pumzi. Miaka arobaini napuliza, utanifunga kamba mimi?"

"Umepatia," binti akasema, kanywea.

Mzee akajinyoosha kwenye kochi. Kichwani alishampangia binti nafasi yake ya zamani, kushoto kwake, mstari wa mbele. Kusema kweli, alimkosa sana pale kushoto.

Wimbo wa tatu ukaanza. Midundo ilitambaa taratibu, saksafoni ikaingia, ikateleza, ikarudi mwanzo, ikateleza pale pale. Jikoni mkewe alishikwa na kikohozi cha ghafla.

"Huu ndio mbovu kuliko yote," mzee akasema. "Unakosea mahali pamoja mara tatu. Mtu angejirekebisha. Na huo mkwaruzo wa mwisho, kiiii, ndio mnauita ufundi? Kompyuta hiyo. Zima."

"Una hakika, baba?"

"Naapa kwa mapafu haya."

Binti akampa jalada la albamu. Mzee akavaa miwani, akateremsha kidole mpaka wimbo wa tatu.

*Saksafoni: Baba, mazoezi ya alfajiri. Mkwaruzo: mlango wake, akitoka.*