Mkuki Katika Mtama

Nje kidogo ya mji, mbwa mwitu walimwangusha swala katikati ya mtama wa Nasieku, wakampasua tumbo akiwa bado anapiga mateke. Mumewe, Lemayan, ambaye mbwa hao walikuwa wamemlia mbuzi, akainua mkuki.

"Waache, Baba Saitoti," Nasieku alimsihi. "Swala ndio wanaotumalizia mtama. Nani mwingine atawafukuza?"

"Na mbuzi wangu?"

Akarusha. Mkuki ukamchoma jike mmoja mbavuni. Wenzake walimzunguka, wakamlamba jeraha, mpaka Lemayan alipowavamia kwa rungu. Ndipo walipotawanyika, wakilia kwa sauti nyembamba kama ndege.

Asubuhi Nasieku aliwakuta swala wamejaa shambani. Akapiga makofi, akapiga kelele. Waliinua vichwa, wakamtazama, wakaendelea kula.