Musianike Kompyuta Juani

Fundi wa kompyuta wa kule Saio alifungua kompyuta yetu ya zamani, akanusa ndani, akaniangalia.

"Mama Joyeuse, ni nani aliweka hii mashini ku jua?"

"Ni miye."

Wamama wenzangu, ndiyo maana ninawaandikia. Betri za radio tunazianika na zinapata nguvu tena. Basi diski ilipoanza kulia tak, tak, niliianika kompyuta nzima kando ya mihogo, siku mbili. Musifanye hivyo. Ikianza kulia, zimeni, muipeleke kwa fundi.

"Diski haiko betri, mama. Iko na nini ndani?"

"Sauti ya mutoto wangu."

Joyeuse alijirekodi akiimba, kisha akapanda gari ya kwenda Niania. Ni miaka mitatu, hatuna habari yake. Kila Jumapili nilisikiliza wimbo ule. Mwishoni anakohoa, anacheka, anasema, "Mama, zima basi, nimemaliza."

Fundi alichomeka waya. "Pengine itaamka mara moja tu. Kusikiliza wimbo, naona itaweza. Kuukopi kutakawia, inaweza kufa katikati, na hautasikia kitu."

Niliweka mkono juu ya sanduku. Lilikuwa bado na joto la jua, kama paji la mutoto mwenye homa. Ndani, diski ikaanza kuzunguka, taratibu, bila kulia.

"Mama, haraka. Tusikilize ao tukopi?"

Miaka mitatu, na sauti yake ilikuwa hapo chini ya kiganja changu.

"Kopi," nikasema.

Tak, diski ikajibu.