Punda na Mfereji wa Fuko

Punda alivusha magunia ya chumvi kutoka ziwa hadi ziwa, kisha akasimama kumtazama Fuko akichimba mfereji wa kuyaunganisha maziwa hayo.

“Umebaki mwamba huu tu, mzee,” alisema Fuko. “Ukipasuka, mashua zitapita, nawe utapumzika.”

“Nani kakwambia nimechoka?”

Wanyama wote walikuwa wakimsifu Fuko, na njia ya Punda hakuna aliyeitaja. Wivu ukamkaba. Akaupiga mwamba mateke ili vifusi viufukie mfereji. Mwamba ukapasuka, lakini maji yakavisomba vifusi, ziwa likakutana na ziwa.

“Wasemao shukrani ya punda ni mateke, leo wameona faida yake,” alisema Fuko, akamkumbatia mguu.

Kesho yake asubuhi Punda alijitwika shogi tupu, lile tandiko lake la mizigo, ingawa chumvi sasa ilipita kwa mashua, akaifuata njia yake mpaka ng'ambo.